Vita vya Bakuli la Malai, na Jinsi Bibi Zuurakan Alivyofunga Mdomo

Sogeeni, enyi wachungaji mlioshusha mifugo, nanyi wake mliokwisha kukanda unga, nanyi wazee mnaosinzia juani mkisingizia mnatafakari! Tieni mkaa birikani, pakateni watoto, fungeni mbwa, maana leo siwahadithii majeshi yaliyovuka milima, wala farasi walioinama mtoni wakanywa hata mto ukakauka. Hayo yamekwisha kuimbwa mpaka waimbaji wenyewe wamepasuka makoo. Mimi nawaletea tendo gumu kuliko hayo yote, lililotendeka mchana kweupe katika kijiji cha Kashka-Bel, juu ya bonde la Mto Naryn, ndani ya nyumba yenye bati la buluu mkabala na daraja. Nawaletea habari ya Zuurakan binti Sultanaly, Simba Jike wa Kashka-Bel, Mshinda Majirani, Mzimaji wa Redio Bila Kugusa Kitufe, na jinsi alivyokaa kando ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa zuliani, mbele ya mashahidi, asiseme neno. Mnacheka? Haya, chekeni. Hamkumjua Zuurakan.

Huyu Bibi, Mungu amzidishie umri, alijaliwa ulimi usiojua likizo. Alisema na ng'ombe wakati wa kukamua, alisema na unga ulipochelewa kuumuka, na msomaji wa habari kwenye televisheni hakuwahi kumaliza salamu bila kujibiwa. Isitoshe, alijua kila mtu wa nyumba ile anataka nini kabla mwenyewe hajajua, akamsemea. Mumewe, Mzee Jumadil, mtu mpole wa kofia nyeupe, alikuwa akianzisha sentensi tu, mkewe akazimalizia, na miaka ikapita hivyo bila yeye kujua sentensi zake zinaishia wapi. Mkwe wao Meerim, ambaye mumewe aliendesha lori la makaa na kuonekana nyumbani kwa nadra, alifanya kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya wakwe: aliinamisha macho, alimimina chai, na alipotakiwa kujibu alijibu kwa sauti ya kuombea radhi.

Na wa nne katika ngome ile alikuwa Begimay, binti wa Meerim, mwenye umri wa miaka minne. Nimesema binti wa Meerim, lakini ningekuwa mle ndani ningechapwa mwiko. Kwa desturi yetu mjukuu wa kwanza ni wa bibi yake. Bibi ndiye anayemlea, bibi ndiye anayeitwa Mama, na aliyemzaa huitwa kwa jina lake tu, kama jirani. Ndivyo Zuurakan alivyolelewa na bibi yake, na ndivyo alivyomchukua Begimay siku ileile alipotoka hospitali, na Meerim akanyamaza.

Sasa sikilizeni msiba. Begimay hakuwa akisema. Daktari wa mjini alimpigia kengele nyuma ya kisogo, akageuka. Akamchungulia kinywani, akaona kila kitu kipo mahali pake. Ilisemekana huzungumza na ndama wa manjano nyuma ya zizi, lakini ndama hakupata kutoa ushahidi. Mbele ya watu alikuwa kimya. Na aseme kwa nini? Akiinua unyusi wa kushoto, Bibi alipaza sauti: "Maji! Mtoto ana kiu!" Akiinua wa kulia: "Mkate! Upakeni jamu!" Akikunja pua, basi kitambaa cha kichwani kinamwasha, na mikono mitatu ilikuja kumfungua. Hakuna sultani aliyepata kuhudumiwa namna ile.

Zaidi ya hayo, kila karamu, mzee wa heshima anapowekewa kichwa cha kondoo, hukata sikio akampa mtoto mdogo wa nyumba ili awe msikivu. Bibi Zuurakan alihakikisha sikio halimpiti Begimay, iwe karamu yao au ya watu. Mtoto alikuwa amekwisha kula masikio ya kundi zima. Msikivu alikuwa, hilo hatukatai.

Basi siku moja ya vuli, mchana, mlango ukagongwa, akaingia Kubat fundi magari, amemshika mkono mwanawe Baytik anayesoma chekechea pamoja na Begimay. Nyuma yao alikuja Tolkun, msaidizi wa mwalimu katika chekechea hiyo, mwanamke mnene mwenye uji mkavu kwenye mikono ya koti, amembeba Begimay mgongoni.

"Asalaam aleikum, Bibi," akasema Kubat. "Hebu tazama sikio la mwanangu."

"Nimeliona. La baba yako hilo, nalo lilikuwa hivyohivyo, kama kipeto. Kaa unywe chai."

"Bibi, limeng'atwa!"

"Na mbwa wa nani?"

"Na huyo hapo!" Kubat akamwelekezea kidole Begimay, ambaye alikuwa akitazama dari. "Mmemzoesha masikio, Bibi. Ya kondoo yamemwishia, sasa amehamia ya watu!"

Ohoo! Hapo Simba Jike akainuka, mwiko mkononi, akasimama katikati ya zulia, na kuku waliokuwa mlangoni wakatafuta njia nyingine. "Kubat wewe! Wewe uliyemng'ata mkunga ukiwa huna hata jino, nami nilikuwapo nikashika taa! Wewe unakuja kwangu kumtuhumu malaika? Mwanao alimfanya nini? Sema! Mtoto wangu hang'ati bila sababu!"

"Sababu ipo, Bibi," akasema Tolkun. "Shusha mwiko kwanza."

Akamketisha Begimay, akamvua buti la mguu wa kulia, kisha akafungua kiganja chake mwenyewe. Palikuwa na kijiwe cha barabarani, chenye ncha. "Kilikuwa ndani ya buti tangu asubuhi. Amecheza nacho, amekula nacho, amelala nacho mchana kwa sababu alikataa kuvuliwa. Tazama soksi. Kisha Baytik akamkanyaga mguu huohuo, bila kukusudia, maskini. Angefanya nini? Neno hana. Meno anayo."

Bibi Zuurakan akaitazama ile soksi. Ilikuwa na damu kisiginoni. Akaketi polepole, mwiko ukalala magotini, na uso wake ukabadilika hata Kubat akaona haya, akamshika mwanawe sikio lile zima na kulipapasa.

"Kwa nini hakusema?" Bibi akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuuliza swali asilijibu mwenyewe.

"Amwambie nani, Bibi? Nyumbani nani huwa anasema akiumia?"

"Mimi naona! Nyusi zake tu zinaniambia!"

"Kule kwetu tuna watoto chumba kizima, kila mmoja na nyusi zake. Mimi kusoma nyusi sikufundishwa."

Kubat akanywa chai yake haraka haraka, akasema yameisha, watoto ni watoto, akaondoka. Bibi hakumsindikiza hata kwa tusi dogo. Aliingiwa na hofu. Alimwona Begimay katika shule ya kijiji, katika mabweni ya mji, katika nyumba ya watu ameolewa, ana kijiwe katika buti, na Zuurakan hayupo wa kupiga kelele. Roho ilimuuma kweli.

"Nitachinja kondoo," akatamka hatimaye. "Yule mweusi. Nitamlisha ulimi wote peke yake."

"Chinja, Bibi, na sisi tutakuja kula," akasema Tolkun. "Lakini si ulimi wa kondoo unaotakiwa hapa. Wa kufungwa ni wako."

Meerim, kule kwenye birika, akamwaga chai nje ya kikombe. Hakuna aliyepata kusema maneno hayo katika nyumba ile akatoka na viatu vyake vyote viwili.

"Usinitazame hivyo," Tolkun akaendelea. "Walituita mjini, wakatufundisha sisi wasaidizi. Nami nilikuwa hivyohivyo, nawamalizia watoto maneno kama nalipwa kwa neno. Sikiliza. Malai anayapenda?"

"Kuliko roho yake."

"Basi yaweke anapoyaona asipoyafikia. Mketi wote chini, macho kwa macho naye. Mtazame kwa uso mzuri, si huo. Kisha unyamaze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme."

"Na akinyamaza?"

"Unanyamaza naye."

"Hiyo ni dawa au ni kifungo?" akauliza Bibi. Lakini aliitazama tena soksi, akakubali.

Ndipo vita vikaanza. Pambano la kwanza lilipiganwa asubuhi iliyofuata, nalo ni aibu kulisimulia. Bakuli la malai, ule utando mzito wa maziwa, likawekwa mbali, karibu na goti la Mzee Jumadil. Begimay akapewa mkate mkavu. Bibi akaminya midomo, akavuta pumzi kama mtu anayeruka mtoni. Begimay akainua unyusi wa kulia kidogo tu, kidogo mno.

"Malai!" ukavuma ulimi. "Anataka malai! Mpeni malai mtoto asinifie! Meerim, umekaa tu? Leteni kijiko, kikubwa!"

Basi. Chai ilikuwa bado haijapoa.

Pambano la pili likapiganwa mchana huohuo, na hapa shujaa alikuwa amejipanga vizuri. Alijiuma mdomo wa chini, akakalia mikono yake, akakaza macho kwenye pua ya mtoto asione nyusi. Kimya kikatanda. Watu wa nyumba ile wakasikia vitu ambavyo hawakuwa wakivijua: birika linapumua, bati linalia kwa jua, saa ya ukutani kumbe inafanya kazi. Jirani akachungulia uani akauliza kama kuna aliyefariki. Begimay akawatazama mmoja mmoja, mkate mkononi. Akafungua kinywa. Na sauti ikasikika, nzito, iliyokwaruza, ikasema:

"Kwa kweli mimi chai yenye chumvi siipendi."

Alikuwa Mzee Jumadil.

"Nini?" akasema Bibi.

"Sijapata kuipenda. Nilikuwa nataka kukwambia tangu harusi, ila nafasi haikupatikana."

"Jumadil! Umekunywa mapipa! Umekunywa mito!"

"Ulikuwa unamimina," Mzee akajitetea. "Unawaambia watu, Jumadil huyu anaipenda yenye chumvi. Nikadhani labda unajua."

Kilichofuata hapo majirani wa ng'ambo ya daraja wamekihifadhi moyoni mpaka leo, nami sitakirudia mbele ya watoto. Yatosha kusema kwamba malai yaliliwa na paka. Lakini jua lilipopungua ukali, Meerim alimkuta mama mkwe wake jikoni, anamchemshia mumewe chai isiyo na chumvi, ameshika kikombe na hakinywi wala hakiweki chini. "Mzee wa watu," akajisemea. "Sasa ni lipi jingine nisilolijua humu ndani?" Meerim akainamisha macho zaidi.

Siku ya pili ikapambazuka, siku ya pambano la tatu na la mwisho. Tolkun alikuja mchana kushuhudia, akaketi kando ya mlango. Ndipo Zuurakan akaenda kwenye mfuko uliotundikwa ukutani, akachagua kuruti moja, vile vidonge vya maziwa ya mgando tunavyovikausha juani mpaka vinakuwa vigumu kama kokoto. Akachagua kubwa kuliko yote, lililowashinda wanaume wawili na mbwa mmoja. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ewe kuruti," akanena, "mwana wa maziwa na jua! Nimekukausha kwa mikono yangu, nimekufukuzia kunguru. Leo nilipe. Kaa mlangoni pa kinywa changu, na neno lolote likija, lizuie, hata likilia, hata likisema ni dharura. Bismillahi."

Akalitia mdomoni. Shavu likavimba.

Jeshi likajipanga. Bakuli la malai, jeupe na lenye kiburi, likaketi kando ya goti la Jumadil. Meerim alikuwa kwenye birika. Begimay kwenye takia lake, na mkate mkavu. Akainua unyusi wa kulia. Hakuna aliyesogea. Akainua wa kushoto, pengine kanuni zimebadilika. Akakunja pua. Akanyoosha kidole kabisa, kuelekea bakuli, akatikisa.

Nyuma ya kuruti maneno yalikuwa yamesongamana yakisukumana: malai, mpeni, mnaona, hamwoni, kijiko kiko wapi. Jasho lilimtoka Bibi chini ya kitambaa chake cheupe. Alitafuna, kuruti likakataa. Mzee Jumadil akakohoa, wote wakamgeukia kwa macho makali, akajifunika mdomo na kofia. Kisha ikatokea silaha ambayo Bibi hakuitazamia: jicho la Begimay likajaa, na chozi moja likateremka shavuni taratibu.

Enyi watu! Zuurakan alizaa watoto sita bila kupiga yowe. Lakini chozi lile lilimkata maini. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe kuelekea bakuli, akaukamata kwa mkono wa pili, akaurudisha. Machozi yakamtoka na yeye, wawili hao wakatazamana, wanalia, na hakuna anayesema kitu.

Begimay akamtazama Mama yake huyo kwa muda. Akaelewa kwamba msaada hautatoka upande ule. Akafuta pua kwa mkono wa gauni, akasimama juu ya takia, akaweka ngumi kiunoni, akageuka kwenye birika, na kwa sauti iliyofika darajani akasema:

"Meerim wewe! Malai yamekaa kule kama mgeni wa kuposa, na wewe unatazama tu! Unangoja yatembee yenyewe?"

Kikombe cha Jumadil kikaanguka. Tolkun akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Na Bibi Zuurakan akalijua kila neno kuwa ni lake, akaijua ngumi na kiuno, akaujua hata mkoromo mdogo wa mwisho. Alikuwa kama mtu anayeitwa kwa sauti yake mwenyewe kutoka ndani ya kisima.

Meerim, kwa mazoea, alikuwa tayari ameruka. Mkono wake ulifika nusu ya njia. Hapo ukasimama. Akamtazama Tolkun, akayakumbuka yale ya macho kwa macho. Akasogea kwa magoti mpaka akawa sawa na uso wa mtoto, na kwa sauti ambayo nyumba ile haikupata kuisikia, sauti ya mtu mwenye nyumba, akauliza:

"Unataka nini, mwanangu?"

Paka alikuwa ndiye peke yake aliyeendelea na shughuli zake. Jumadil alimtazama mkewe. Tolkun aliacha kucheka. Maana neno lile, mwanangu, halikuwa limesemwa katika nyumba ile na mtu yeyote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ameketi pale, kuruti shavuni.

Hapa ndipo vita vyenyewe vilipo, na yale yote ya nyuma yalikuwa kupiga ngoma tu. Ndani ya kinywa cha Zuurakan likainuka jeshi ambalo kuruti lolote lisingelizuia likitaka kutoka: Mwanao? Tangu lini? Nani alimkesha na surua? Nani alimvika hirizi? Kulitema kuruti mara moja kungetosha. Akauona mkono wa Meerim juu ya zulia. Meerim hakuuondoa. Akamwona Begimay anautazama mdomo wa Meerim kwa hamu, kama anangoja useme tena. Zuurakan akafumba macho. Akalibana kuruti kwa meno yake yote yaliyobaki. Akanyamaza.

"Malai," akasema Begimay. Safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo, imekwaruza kidogo. "Nipe mengi."

"Mengi? Haya, malai mengi. Yafike hapa?"

"Hapana. Hapa."

"Mpaka hapa juu! Haya, tutie mpaka juu."

"Na Babu mpe. Babu hapendi chai."

"Ndiyo, Babu hapendi chai ya chumvi."

"Ya chumvi," akakubali Begimay. "Mbaya."

Jumadil akaitikia kwa kichwa, ametiwa moyo sana. Na mazungumzo hayo makuu yakaendelea, juu ya malai, juu ya babu, juu ya ndama wa manjano ambaye kumbe ana jina, na muda wote huo Zuurakan alikaa kama mlima, kuruti likiyeyuka kidogo kidogo, mpaka akameza chembe ya mwisho. Watu wakamwona anameza. Mazungumzo yakakatika. Meerim akainamisha macho haraka, akakunja mikono, akangoja kupigwa na radi.

"Meerim," akasema Bibi.

"Labeka, Mama."

"Mwanao amejipaka malai uso mzima. Mpanguse."

Meerim hakutikisika. Aliinua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Umekuwa kiziwi?" akanguruma Simba Jike. "Nimesema mwanao! Mpanguse kabla nzi hawajamla! Au na hilo nalo nifanye mimi?"

Meerim akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akampangusa Begimay mdomo, mashavu, kidevu, akaendelea kumpangusa hata mahali ambapo hapakuwa na malai.

Iandikwe basi katika tarikhi ya Kashka-Bel, wino mweusi, herufi kubwa! Wako wafalme waliotoa mikoa mizima, wakataka wapigiwe baragumu na kujengewa minara. Zuurakan binti Sultanaly alitoa kilichozidi mikoa, akakitoa mchana, kwa kufoka, mbele ya mashahidi watatu. Kisha akageuka upande wa ukuta, akamgombeza paka kwa muda mrefu sana, mpaka sauti yake ikarudi sawasawa.